Mini 1000: heda inagonga sakafu nikikanyaga mafuta, na manifoldi inavuja

Kipusa998
Salaam wakuu. Gari ni Mini 1000 ya 1978, usukani kulia, injini ya cc 998. Heda (mabomba ya kutolea moshi yanayofungwa kwenye injini) ni ile ya matawi matatu, tawi la kati refu, pamoja na manifoldi ya aluminiamu ya upande wa kabureta. Imeingia, lakini pale bomba linapopinda kuingia kwenye mfereji wa chini ya sakafu imebaki nafasi ya kidole kimoja tu. Nikiondoka kwa gia ya kwanza au ya rivasi linagonga bati. Pili, upande wa silinda ya 4 kuna sauti ya kupuliza ingawa nati zote zimekazwa. Fundi wangu hapa Malindi anataka kulipiga bomba nyundo lipate nafasi. Nimruhusu?

FundiTupa
Ndugu, mwambie aweke nyundo chini kwanza. Nafasi unayoiona injini ikiwa imezimwa si nafasi ya kweli. Injini ya Mini imekaa kwa upana wa gari, kwa hiyo ukikanyaga mafuta inajitikisa kwenda mbele na nyuma, na heda imefungwa kwenye hiyo hiyo injini.

Kinachoizuia ni kile chuma cha juu, upande wa klachi, kinachoshika injini na ukuta wa nyuma yake. Kina bushi za mpira kila mwisho. Zima gari, shika injini kwa juu, isukume na kuivuta. Ikicheza kwa macho, bushi zimekwisha, na hata ungepiga bomba nyundo mara kumi litagonga tena. Badilisha bushi za pande zote mbili kwa pamoja, kisha tazama pia mipira miwili inayobeba injini kwenye sabufremu (fremu ndogo ya mbele).

Ukishabadilisha, pima. Nunua udongo wa kuchezea wa watoto, bandika mabonge mahali bomba linapokaribiana na bati. Washa gari, handbreki juu, mawe kwenye magurudumu, pasiwe na mtu mbele, nyuma wala chini ya gari. Tia gia ya kwanza, achia klachi taratibu mpaka injini ijipinde, ikanyage tena. Rudia kwa rivasi. Zima, subiri bomba lipoe, toa udongo ukate kwa wembe. Unene uliobaki ndio nafasi yako halisi. Mimi nikiona chini ya milimita 6 siridhiki.

Ikiwa bado haitoshi, kabla ya kupiga chochote legeza kila kitu na uanze upya. Mara nyingi heda hukaa upande kwa sababu ilikazwa kwenye silinda hedi kwanza, kisha bomba la nyuma likavutwa kwa nguvu lifuate. Fanya hivi: nati za kwenye hedi zishike kwa vidole tu, klampu za viungo zilegee, mipira ya kuning'iniza bomba la nyuma iwe mahali pake. Itikise injini mara kadhaa bomba litafute mkao wake. Ndipo ukaze hedi, halafu viungo kutoka mbele kwenda nyuma, na mwisho kabisa ile breketi inayoshika bomba kwenye giaboksi. Breketi hiyo wengi huitupa kwa kuwa haikai vizuri na heda mpya. Usiitupe. Bila hiyo uzito wote unaning'inia kwenye shingo za heda, na shingo hupasuka kwenye maungio ya kuchomelea. Ikibidi tengeneza nyingine kwa bati la milimita 3, tundu lake ulirefushe ili isivute bomba upande.

Sasa ule mpulizo. Toa nati, upime kwa kalipa unene wa masikio ya manifoldi ya aluminiamu na unene wa flanji (bamba la kufungia) ya heda. Zile stadi (boliti zisizo na kichwa) za katikati zinabana vyote viwili kwa washa moja nene. Flanji ya heda ikiwa nyembamba kuliko sikio la aluminiamu, washa inakaa mshazari: inabana aluminiamu, heda haishikwi. Unaweza kukaza mpaka stadi ikatike, itaendelea kuvuja. Dawa ni kulipunguza sikio nene kwa tupa mpaka viwe sawa, au kuikata washa ngazi upande mmoja. Kisha laza rula ya chuma juu ya flanji zote. Heda iliyochomelewa hupinda kwa moto, na ikipinda inasuguliwa kwenye kioo chenye msasa mpaka inyooke.

Gasketi mpya, ya zamani haifai kurudishwa. Nati za shaba nyekundu au njano, spana ya nusu inchi, kaza kutoka katikati kwenda nje, kama Nm 20. Baada ya mwendo wa Watamu na kurudi, injini ikishapoa kabisa, kaza tena.

MkonoWaGia
Naongeza mawili. Kwanza, giaboksi za baada ya 1973 zina mkono wa gia unaopita humo humo mferejini. Kagua mpira wake wa nyuma. Ukifa, mkono unashuka na kugonga bomba, na sauti yake hufanana kabisa na ya bomba kugonga sakafu.

Pili, na hili ni la hatari: betri ya Mini iko butini, kwa hiyo waya mnene wa umeme unapita chini ya gari kuja mbele. Bomba la breki za nyuma vilevile. Baada ya kufunga heda, fuatilia waya huo kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Plastiki yake ikiyeyuka ukagusa chuma hakuna fyuzi ya kuuzima. Ufunge kwa klipu za chuma zenye mpira, vifungo vya plastiki havidumu kwenye joto hilo.

Chumvichumvi
Kabla hujashawishika kuifunga heda kitambaa cha kuzuia joto: kwa pwani hii hapana, ikiwa ni chuma cha kawaida. Kitambaa kinanyonya unyevu wa bahari, gari likilala kinakaa na maji ya chumvi juu ya chuma, na kutu inakula bila wewe kuiona. Afadhali bati la kukinga joto likae kati ya heda na ukuta, liachwe na nafasi ya hewa pande zote mbili. Kama heda yako ni stenlesi, basi tatizo la kutu ni dogo, ila bado angalia nati na klampu.

Na matuta: pima kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya bomba, watu wanne wakiwa ndani ya gari. Kiungo cha kwanza baada ya heda ndicho hugonga. Klampu yake igeuze nati zitazame juu au pembeni, zisitazame lami.

Kipusa998
Ahsanteni sana. Nimepima: aluminiamu milimita 12, heda 10. Bushi ya chuma cha juu upande wa ukuta imebaki nusu. Swali la mwisho, kabureta iguswe?

FundiTupa
Milimita 2 ni nyingi, ndiyo sababu ya mpulizo wako. Tupa itamaliza.

Kabureta iguswe, lakini baada ya kuziba mvujo, kwani hewa inayoingia hapo inadanganya. Kwenye SU, yaani kabureta ya Mini, injini ikiwa moto, inua pistoni ya kabureta kama milimita moja kwa kile kipini cha pembeni. Mzunguko ukipanda kidogo kisha ukatulia, mchanganyiko uko sawa. Ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Injini ikitaka kuzima, mafuta ni machache, na heda inayopumua vizuri ndiko inakopeleka. Lakini kipimo hicho ni cha sailensi tu, yaani injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta. Kwa mwendo wa barabarani soma plagi: zikiwa nyeupe baada ya kuvuta gari kwa nguvu, tafuta sindano ya kabureta iliyo nyembamba zaidi, inayopitisha mafuta mengi, usiendelee kuzungusha nati ya chini.

Na kuhusu nyundo: ikibaki milimita mbili tatu baada ya haya yote, bonyeza ule ukingo wa bati la sakafu, usibonyeze bomba.