Kompyuta nimeipa kipaumbele cha juu kwenye ruta, mbona sauti bado inakatika?

Swali

Ndugu wanajukwaa, ninafundisha kwa njia ya video kutoka nyumbani, na kila jioni sauti yangu huwafikia wanafunzi ikiwa imekatikakatika, ingawa mimi mwenyewe ninawasikia vizuri. Laini yetu ina kasi ya megabiti 20 kwa sekunde ya kupakua na megabiti 2 ya kupakia. Niliingia kwenye mipangilio ya ruta, nikafungua sehemu ya QoS (inayopanga data ipi ipite kwanza), nikaipa kompyuta yangu ya kazi kipaumbele cha juu na vifaa vingine vyote kipaumbele cha chini, lakini sikuona tofauti yoyote. Hali huwa mbaya zaidi pale simu za nyumbani zinapoanza kuhifadhi picha mtandaoni. Je, kuna hatua niliyoiruka? Naomba msaada, kwani inaniuma kuona wanafunzi wakipoteza somo kwa jambo ambalo huenda liko ndani ya uwezo wangu.

Jibu la kwanza

Ndugu Mwalimu, umekwisha kutaja dalili kuu: wewe unawasikia, wao hawakusikii. Shida iko upande wa kupakia, na huko ndiko picha za simu zinakopita pia.

Kipaumbele hufanya kazi pale tu foleni ilipo. Ruta yako inaweza kuisukumia modemu, yaani kifaa kinachoiunganisha nyumba na laini, megabiti 100 kwa sekunde au zaidi, ilhali laini yenyewe inapitisha 2 tu, kwa hiyo pakiti (vipande vidogo vya data) hazisubiri ndani ya ruta, ambako umeweka kanuni zako, bali ndani ya modemu, ambayo haina habari na kanuni hizo na huzitoa pakiti kwa mpangilio ule ule zilivyoingia. Tuseme modemu ina nafasi ya kuhifadhi kilobaiti 512 za data inayosubiri. Hizo ni kama megabiti 4, na kwa laini yako pakiti ya sauti itakayoikuta nafasi hiyo imejaa itasubiri takriban sekunde 2. Pendekezo G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri, kwa hiyo unaona jinsi ulivyo mbali na lengo.

Hatua uliyoiruka ni kuiambia ruta kasi halisi ya laini, tena uitaje kwa upungufu kidogo. Tafuta sehemu ya kikomo cha kasi ndani ya QoS na uweke kupakia kwenye asilimia 85 hivi ya kasi uliyoipima wewe mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Foleni itahamia ndani ya ruta, na hapo kipaumbele chako kitakuwa na kitu cha kupanga. Kabla ya kubadilisha chochote, tumia amri ya ping, inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, wakati laini imetulia, kisha urudie huku ukipakia faili kubwa, ili uwe na namba za kulinganisha.

Muuliza swali

Ninashukuru sana. Laini ilipotulia nilipata milisekunde 35, na nilipopakia faili kubwa zilifika 1,400. Baada ya kuweka kikomo cha kilobiti 1,700, jaribio lile lile limenipa takriban 90. Hata hivyo, jana jioni sauti ilikatika tena kwa dakika kadhaa. Je, upande wa kupakua nao niuwekee kikomo?

Jibu la pili

Uuwekee, ukijua kwamba huko ruta haina nguvu zile zile. Data inayoingia imekwisha kupanga foleni kwa mtoa huduma kabla haijakufikia, na ruta inaweza tu kuchelewesha au kuangusha baadhi ya pakiti ili mtumaji anayetumia TCP (utaratibu wa kutuma data unaopunguza kasi pakiti zikipotea) apunguze mwendo. Megabiti 17 zinatosha kwa kuanzia.

Ninachotofautiana nacho ni kule kupanga vifaa kwa madaraja. Kompyuta yako ikiwa juu ya vyote, siku itakapopakua masasisho makubwa itawanyima wengine haki yao, na mzigo huo huo utaibana sauti yako mwenyewe. Ikiwa ruta ina njia ya kupanga foleni iitwayo FQ-CoDel, iliyoelezwa katika hati ya kiufundi ya intaneti RFC 8290 ya mwaka 2018, au CAKE, iliyoingia kwenye Linux 4.19 mwaka huo huo, chagua mojawapo na uache madaraja. Njia hizi huutenga kila mkondo wa data na kuupa zamu yake, hivyo mkondo mwembamba kama wa sauti hupita bila kukwama nyuma ya picha. Kwenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, utazikuta chini ya jina SQM. Zinaitaka prosesa ifanye kazi zaidi, jambo linalowasumbua wenye laini za mamia ya megabiti. Kwa megabiti 20 usiwe na wasiwasi.

Tafadhali usiizime WMM (mpangilio wa kipaumbele ndani ya Wi-Fi), kama baadhi ya watu wanavyoshauriana. Vifaa vya Wi-Fi vya toleo la 802.11n vikiikosa hushuka hadi megabiti 54 kwa sekunde au chini ya hapo.

Jibu la tatu

Ikiwa ruta yako haina njia hizo na utabaki na madaraja, hakikisha kanuni bado inaitambua kompyuta yako. Kanuni nyingi huandikwa kwa anwani ya MAC (namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni), na mifumo ya siku hizi, ikiwemo Android tangu toleo la 10 na iOS tangu la 14, huweza kuificha anwani halisi kwa kutumia ya kubuni. Baadhi ya kompyuta nazo zina mpangilio huo. Anwani ikibadilika, kanuni inabaki ikingojea kifaa ambacho hakipo tena. Pia jaribu somo moja kwa kebo, kwa sababu mawimbi dhaifu hayaponywi na kipaumbele chochote.

Muuliza swali

Ruta yangu haina FQ-CoDel wala CAKE, kwa hiyo nimebaki na madaraja. Kompyuta ilikuwa imebadilisha anwani kweli. Nimeuzima mpangilio huo kwa mtandao wa nyumbani na kuiandika kanuni upya. Vilevile nimepima kasi saa mbili usiku, wakati wa somo, nikakuta kupakia kumeshuka hadi kilobiti 1,800, maana yake kikomo changu cha 1,700 kilikuwa karibu mno na ukingo. Nimekishusha hadi 1,500, na usiku wa jana nimefundisha somo zima huku simu mbili zikihifadhi picha, bila mwanafunzi hata mmoja kuniomba nirudie sentensi.