Maafisa wa biashara wafunzwe kuchambua vikwazo, au pesa ziende kwenye vipimo?

Mwana-Kibuye, Kisumu:
Wadau, kuna hoja kwamba maafisa wa biashara wa serikali wafunzwe kuchambua vikwazo visivyo vya ushuru: vyeti, vipimo, foleni, marufuku za ghafla. Wapo wanaoita huo ubadhirifu. Mimi nasema wafunzwe. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005, lakini lori bado linalala mpakani. Kulala huko kunaongeza shilingi ngapi kwa kila gunia? Afisa asiyejua kupiga hesabu hiyo anaingia kikaoni na Waganda akiwa na malalamiko matupu.

Sisi wa ziwani tunaijua bei yake. Mwaka 1999 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria, ikihofia wanaovuliwa kwa sumu. Tanzania wakafunguliwa, Uganda wakafuata, Kenya tukawa wa mwisho, 2000 ikikaribia kwisha. Samaki wetu mbuta (sangara) ni yule yule, ziwa ni lile lile. Ila kwetu idara zilikuwa zinavutana nani mwenye dhamana ya usalama wa samaki.

Mama Nafaka, Busia:
Kaka, mafunzo tumeyaona: chai, posho, picha ya pamoja. Machi 2021 serikali yetu yenyewe ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye ikalegeza, kwa sharti la cheti kwamba sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mwenye magunia matatu akapimishe wapi, kwa pesa gani? Leteni vipimo mpakani kwanza.

Mkulima, Subukia:
Mama, nakuunga mkono nusu. Mwaka 2013 Ulaya iliongeza ukaguzi wa mishiri (maharagwe mabichi ya maganda) kutoka Kenya kwa sababu ya masalia ya dawa za wadudu. Kelele zikawa nyingi kwamba tunaonewa, na dawa kweli ilikuwepo! Kipimo kitakupa namba tu. Kujua kama sheria inamkinga mlaji au inamlinda mshindani wako, hilo linataka mtu aliyefunzwa.

Karani, Kakamega:
Mnasahau Katiba. Biashara ya nje ni ya serikali kuu. Kaunti imepewa masoko na leseni. Afisa wa kaunti akichambua, faili ampelekee nani?

Mwana-Kibuye:
Karani, jumuiya za kibiashara za COMESA, EAC (yetu ya Afrika Mashariki) na SADC zina mfumo wa pamoja wa kuripoti vikwazo mtandaoni, hata mfanyabiashara mwenyewe anaweza kuripoti. Tena EAC ilipata sheria ya kuviondoa, ya 2017. Kinachopungua ni ripoti iliyoiva: kanuni ipi, nani kaiweka, hasara kiasi gani. Mama, kwenye posho sikubishii. Wasipelekwe hoteli za Naivasha. Wakae Busia na Malaba, na asiyeleta faili la kikwazo kimoja pamoja na gharama zake asihesabiwe kuwa amefuzu.

Mama Nafaka:
Na faili likionyesha kikwazo tumekiweka sisi Wakenya?

Karani:
Hilo halitoki kwenye droo.

Mama Nafaka:
Basi tupeni hivyo vipimo.