Biskuti za Idi zenye aisingi ngumu: tupeane uzoefu, hasa pale zinapoharibika

MamaTreya, Tanga
Assalaam alaykum wapendwa. Kumi la mwisho limeingia na malalamiko ni yale yale: biskuti zimetanuka, nyota imepoteza pembe, aisingi haikauki, rangi imevuja. Sizungumzii nankhatai wala visheti, hivyo kila nyumba inavyo. Nazungumzia zile za kukata kwa vibati, mwezi na nyota, zinazomwagiwa aisingi, yaani sukari laini iliyopigwa na ute wa yai, ikakauka ikawa ngumu. Kila mwenye ujuzi aseme. Mimi naanza na donge.

Siagi gramu 225, sukari 200, yai 1, vanila vijiko 2 vya chai, unga wa ngano 400, chumvi nusu kijiko cha chai. Beking pauda ya nini kwenye biskuti ya kukata? Inaiumua na umbo linapotea. Siagi iwe ya kubonyezeka kwa kidole, isiwe imeanza kung'aa mafuta. Ipigwe na sukari dakika mbili tu mpaka vishikane. Ukiendelea mpaka iwe nyeupe ya keki umeingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo inayofumua ukingo kwenye moto. Sukari yetu ya dukani ina punje kubwa, isageni kwanza kwenye blenda. Punje ambayo haikuyeyuka kwenye donge itayeyukia ovenini na biskuti itatambaa.

Halafu hili wengi wanaligeuza: sukuma donge likiwa bado laini, katikati ya nailoni mbili, unene wa milimita 6, NDIPO uliweke friji saa moja likiwa bapa hivyo hivyo. Ukiweka donge zima utakuja kupigana nalo, na likipasuka unaongeza unga wa kunyunyiza, biskuti inatoka kavu. Ukishakata, rudisha friji tena dakika 15. Oveni 180, dakika 9 hadi 11, toa ukingo unapoanza tu kugeuka rangi.

BiShufaa, Unguja
Waalaykum salaam. Mwanangu, si kila mtu ana oveni ya kusoma namba. Wa oveni ya bati na mkaa nao wasaidiwe. Makaa mengi yakae juu, chini machache tena yaliyoanza kushika jivu, na treya usiiweke peke yake. Weka treya mbili zilizopandana ili tumbo la biskuti lisiungue. Kupima moto: nyunyiza unga kwenye kipande cha foili, ukigeuka rangi ya dhahabu ndani ya dakika 5 moto umefika. Foili nyingine weka kijiko cha sukari. Sukari inayeyuka kwenye 186, kwa hiyo ukikuta imeyeyuka ndani ya robo saa, punguza makaa ya juu kabla hujaingiza kitu.

Kibatari, Mtwara
Hiyo ya treya mbili ni kweli kabisa.

OveniKubwa, Nairobi
Siagi halisi ni ghali, watu wasitishwe. Majarini inafanya kazi ile ile, na kwa bei ambayo familia inaimudu.

MamaTreya, Tanga
Haifanyi kazi ile ile, kaka. Siagi ina mafuta asilimia 80 na ushee. Majarini za kupaka mkate nyingi ziko chini ya hapo, na pengo linajazwa na maji. Maji yakiingia kwenye unga yanaamsha ule mnato wa ngano, biskuti inakuwa ngumu ya kutafuna, na mvuke wake unaisukuma itanuke. Kama ni lazima majarini, geuza kopo usome asilimia. Ikiwa ni chini ya 70, ongeza unga gramu 30 na donge likae friji saa mbili badala ya moja.

OveniKubwa, Nairobi
Hapo tumeelewana. Kusoma kopo, sawa.

FundiNozeli, Mombasa
Donge limeshapata wenyewe, mimi naingia kwenye aisingi.

Ute wa mayai 3, ambao ni gramu 90 hivi, kwa gramu 500 za sukari ya aisingi na kijiko cha chai cha maji ya ndimu. Bakuli na mipigo ya mikseri vifutwe kwanza kwa kitambaa chenye siki. Likiingia tone la kiini au la mafuta, ute haushikani hata upige mpaka Magharibi. Bakuli la plastiki lililowahi kuwekwa samli liache kabisa, plastiki haiachii mafuta; tumia la chuma au la kioo. Sukari ichekechwe mara mbili. Mnaotumia nozeli namba 1 na 2, zile ncha zenye tundu dogo kabisa za mfuko wa kukamulia, aisingi iliyokwisha kuwa tayari ipitisheni kwenye soksi mpya ya nailoni iliyofuliwa, maana kibonge kimoja kinaziba na ukikamua kwa nguvu mfuko unapasukia mkononi. Ile sukari ya kusaga nyumbani kwa blenda haifai kwa nozeli hizo, ina chengachenga.

Mikseri iende mwendo wa chini, dakika 5 hadi 7. Mwendo wa kasi unaleta mapovu, na mapovu ndiyo yale matundu madogo mnayoyaona asubuhi. Ukiinua mpigo na ncha ya aisingi ikasimama halafu ikajikunja kidogo, imefika. Hiyo ndiyo aisingi mama. Funika kwa kitambaa chenye unyevu, inashika ganda haraka sana.

Kutoka kwa hiyo mama unatoa aina mbili kwa kuongeza maji, kwanza kwa kijiko cha chai, baadaye tone kwa tone. Chora mstari kwa kisu juu yake uhesabu. Mstari ukichukua sekunde 20 na zaidi kufutika, ni ya kuchorea ukingo. Ukifutika kati ya sekunde 10 na 15, ni ya kumwagia katikati. Chini ya 8 umeshaharibu: itapanda ukingo na kumwagika, haitakauka sawasawa, rangi zitavuja. Dawa yake ni kuirudishia aisingi mama. Ukiongeza sukari kavu itakuwa na punje.

Chora ukingo, subiri dakika 15, mwaga katikati, sukuma kwenye pembe kwa kijiti cha meno, halafu gonga biskuti taratibu juu ya meza mapovu yapande uyatoboe. Nusu saa ya kwanza iwe mbele ya feni. Ganda likishika haraka aisingi inabaki na mng'ao na haidumbukii, yaani haibonyei na kuacha shimo. Sehemu finyu kama ncha za mwezi ndizo zinazodumbukia, hizo chora kwanza vimstari vya aisingi nzito chini yake, ndipo umwage juu.

Nuru wa Chuda, Tanga
Shukran. Hii ya sekunde ndiyo watu wanairuka.

BintiMwambao, Bagamoyo
FundiNozeli umegusa rangi kuvuja na nimekumbuka sinia la jirani, Idi ya Aprili 2024, masika yamechachamaa. Nyota nyeupe zenye mistari myekundu, miezi ya kijani, kazi ya kutuliza macho. Zilimalizika baada ya Isha. Hofu ikawa sisimizi, sinia likaingizwa friji usiku kucha likiwa limefunikwa nailoni.

Asubuhi likatolewa, nailoni ikafunuliwa pale pale. Ndani ya dakika chache kila biskuti ikatoka jasho, vitone juu ya aisingi nzima. Wekundu ukaanza kutembea, kwanza kwenye ukingo wa mstari, halafu ukaingia weupe wote mpaka nyota zikawa za waridi zenye mabaka. Kijani kikashuka kwenye biskuti yenyewe. Aliyezigusa aliondoka na aisingi kidoleni. Watu wa kusalimia wako njiani.

Sababu yake ni hii. Biskuti imetoka baridi, hewa ya pwani imejaa maji, maji yanatua palipo baridi. Sukari inayanywa, aisingi inayeyuka kutoka juu, na rangi inafuata maji yanakokwenda. Tena aisingi ilikuwa haijakauka ndani, kwa sababu friji haikaushi kitu kilichofunikwa.

Nuru wa Chuda, Tanga
Subhanallah. Zilifanywaje sasa?

Kibatari, Mtwara
Zilitupwa?

BintiMwambao, Bagamoyo
Hazikutupwa. Aisingi ikiwa bado laini inakwanguliwa yote kwa kisu cha mezani. Biskuti zinarudi ovenini kwenye 120 dakika 5 au 6 zikauke, zinaachwa zipoe kabisa, halafu zinamwagiwa upya aisingi nzito ya sekunde 15, rangi moja tu. Weupe uliokwisha kuingia wekundu hauokoleki, usihangaike kuupaka juu. Wekundu utapanda tena.

Na sisimizi wana dawa ya siku zote: miguu ya meza ndani ya vikopo vyenye maji, na meza isiguse ukuta. Biskuti zikauke wazi juu ya meza hiyo.

MkaziWaMaskati
Kama zimeshaingia friji au friza, zisifunguliwe. Chombo chenye mfuniko wa kubana kitolewe kikae mezani saa 3 au 4 kikiwa kimefungwa, jasho litatua nje ya chombo. Kosa la lile sinia lilikuwa kufunua nailoni papo hapo.

OveniKubwa, Nairobi
Poleni lakini naona mnalifanya jambo kubwa. Ndani ya saa 6 aisingi imekauka, unapanga, unafunga.

FundiNozeli, Mombasa
Saa 6 za Nairobi! Ninyi mko juu ya mita 1,700, hewa kavu, aisingi inashika ganda hata ndani ya nozeli. Mombasa wakati wa masika saa 12 ni kidogo, panga 24. Usimpe mtu wa Kisauni hesabu ya Karen.

OveniKubwa, Nairobi
Basi mtu aseme mahali anapopikia kabla ya kutoa saa. Sisi huku tabu yetu ni hiyo ya ganda: kitambaa chenye unyevu kwenye kila ncha ya nozeli, kila unapoiweka chini.

MkaziWaMaskati
Chumba chenye kiyoyozi kinatoa maji hewani. Mwenye nacho afunge mlango, awashe kiyoyozi na feni pamoja. Asiye nacho, oveni iliyowashwa kidogo kabisa, nyuzi 40 hadi 50, mlango wazi kiasi cha kijiko, dakika 30. Zaidi ya moto huo siagi inaanza kutoka.

BiShufaa, Unguja
Siagi kutoka ndiyo yale madoa ya njano juu ya aisingi nyeupe, wengi wanadhani ni uchafu. Yanakuja biskuti ikiwa haikuiva vizuri, au ikimwagiwa aisingi ingali na joto, au aisingi ikiwa nyepesi mno. Oka leo, zilale juu ya karatasi inywe mafuta, pamba kesho.

Na nyie mnaotaja ute mbichi, mbona hamsemi neno kuhusu watoto na wajawazito? Sukari haiui vijidudu vya salmonela.

Kibatari, Mtwara
Bibi, ndimu si inaua?

BiShufaa, Unguja
Kijiko kimoja cha ndimu kwenye nusu kilo ya sukari hakiui kitu, kinasaidia ute usimame tu. Tumia unga wa ute wa yai: vijiko 2 vya chai kwa vijiko 2 vya mezani vya maji ni sawa na ute mmoja. Ukikosa, changanya ute na robo ya sukari, weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, koroga bila kuacha mpaka kipimajoto kisome 71, ndipo upige na sukari iliyobaki.

AbuSalim, Lamu
Na vanila yenye arki ya pombe je? Na rangi nyekundu yenye namba E120, hiyo inatokana na wadudu.

MamaTreya, Tanga
Vanila ya unga ipo, haina pombe, na haitii rangi aisingi nyeupe. Iliki iliyosagwa laini nusu kijiko cha chai inatosha badala yake kwenye donge. E120 geuza kichupa usome, kuna nyekundu zisizo nayo. Hukumu yake muulizeni sheikh wenu, hapa tukianza tutafika sikukuu hatujaoka.

FundiNozeli, Mombasa
Nikiwa kwenye nyekundu: rangi iwe ya jeli, ya maji inalegeza aisingi. Nyekundu na nyeusi changanya jana yake, zinakolea zenyewe usiku. Ukilazimisha zikolee papo hapo utatia nyingi mpaka aisingi iwe chungu na midomo ya wageni ibadilike rangi. Nyeusi ianzie kwenye kahawia ya kakao, utatumia jeli kidogo sana. Ya zambarau isikae dirishani, jua linakula wekundu wake inabaki bluu. Na nyeupe ikauke saa 8 kamili kabla ya kugusana na nyekundu. Lile sinia la Bagamoyo lisingeharibika hivyo kama nyeupe ingeshakauka.

BintiMwambao, Bagamoyo
Lingeharibika tu, kwa jasho lile. Ila kidogo.

Nuru wa Chuda, Tanga
Swali la mwisho jamani. Za kupeleka Pemba kwa boti zinafungwaje?

MkaziWaMaskati
Ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, ukubwa wa kuzibana zisicheze. Kitambaa laini chini, biskuti zilale bapa, karatasi ya kuokea kati ya tabaka na tabaka, tabaka zisizidi nne. Nafasi ya juu ijazwe karatasi. Usichanganye na keki au visheti ndani ya ndoo moja, unyevu wao utahamia kwenye aisingi.

BiShufaa, Unguja
Na ndoo ipakatwe, isiwekwe sitaha juani.