Mbolea ya chupa, chumvi za duka la pembejeo au udongo chini ya mchanga: ipi itaokoa majani ya mimea kwenye tangi langu la samaki?

Majani_ya_Mbezi
Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la lita 120, natumia maji ya kisima. Nimepima pH (kipimo cha uchachu wa maji) nikapata 8, na maji yakikauka kwenye kioo yanaacha ukoko mweupe. Ndani kuna mimea ya majini, yaani anubia niliyoifunga kwenye gogo, valisneria na rotala, pamoja na samaki aina ya guppi kama kumi na tano. Miezi miwili ya mwanzo kila kitu kilistawi. Sasa majani ya zamani ya anubia yametoboka vitundu kama vya sindano, kila kimoja kina ukingo wa njano. Rotala nayo imepauka kileleni, majani machanga karibu yawe meupe, mishipa tu ndiyo bado ya kijani. Valisneria haina shida.

Nimefikiria njia tatu: kununua chupa ya mbolea ya maji inayotoka nje, kuchanganya mwenyewe chumvi kavu (mbolea za unga zinazoyeyuka majini) za duka la pembejeo, au kubomoa tangi niweke udongo chini ya mchanga. Mliojaribu, nisaidieni kuchagua.

Fundi_Vioo
Karibu ndugu. Kabla hujatoa hela, angalia ugonjwa umeanzia jani gani. Mmea ukikosa naitrojeni, fosforasi, potasiamu au magnesiamu, huvinyonya kutoka majani ya zamani na kuvipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo jani la chini ndilo linaloumia kwanza. Chuma, kalsiamu na boroni haviwezi kuhama hivyo. Vikikosekana, jani la zamani linabaki zima na jani changa ndilo linalozaliwa na kasoro.

Kwa maelezo yako una matatizo mawili kwa pamoja. Vitundu kwenye majani ya zamani ni alama ya potasiamu kupungua. Kilele cheupe chenye mishipa ya kijani ni chuma. Kalsiamu usiihangaikie, ule ukoko kwenye kioo chako unaonyesha unayo ya kutosha.

Njeri_wa_Tangi
Mimi niko Nairobi na natumia mbolea ya chupa, mwaka wa pili sasa. Uzuri wake ni urahisi: unapima kwa sirinji asubuhi ukielekea kazini, basi. Lakini soma lebo vizuri. Chupa nyingi za matangi ya kawaida hazina naitreti wala fosfati kabisa, kwa sababu mtengenezaji anategemea kinyesi cha samaki kilete hivyo. Tena sehemu kubwa ya unacholipia ni maji. Kwa tangi dogo la lita 30 ningekwambia chukua chupa bila kusita. Kwa lita 120 utaumia mfukoni.

Na usifuate dawa ya jirani tu kwa kuwa dalili zinafanana. Maji yetu ya bomba huku ni laini (yana madini kidogo), kwa hiyo mimi nilipungukiwa magnesiamu: majani ya zamani yaligeuka njano katikati ya mishipa. Nilitibu kwa chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti). Wewe wa maji ya kisima huenda huhitaji hata chembe.

Mzani_wa_Sonara
Nipo upande wa chumvi kavu, na sababu ni hesabu. Nunua potasiamu naitreti, ile ile wanayotumia wakulima wa nyanya na maua kwenye umwagiliaji wa matone. Gramu 2 katika lita zako 120 zinaongeza takriban miligramu 10 za naitreti na 6 za potasiamu kwa kila lita. Kama ukipima ukute naitreti tayari imefika miligramu 30 kwa lita, chukua potasiamu salfeti badala yake. Gramu 2 zitakupa kama miligramu 7 za potasiamu bila kuongeza naitreti. Tafuta mizani ndogo kama ya sonara, usikadirie kwa kijiko. Badilisha nusu ya maji kila wiki ili mabaki yasirundikane.

Dada_Kamba
Naomba kila anayesoma hapa asikilize hili. Niliwahi kudhani mbolea ni mbolea, nikachovya punje chache za DAP kwenye tangi. Kufikia jioni samaki walikuwa juu wanahema, asubuhi nikatoa tisa waliokufa. Mbolea za shambani za DAP, CAN na urea zinaleta amonia, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inavyokuwa sumu kwa samaki. Katika pH 8 hakuna nafasi ya kujaribu. Dukani taja jina kamili, *potasiamu naitreti*, na usome mfuko mwenyewe. Mchanganyiko wa madini madogo (yale mmea unayohitaji kidogo sana) nao una shaba, ukizidisha kamba wadogo wanaofugwa tangini hawaponi.

Mzee_Udongo
Udongo naupenda, matangi yangu yote yana sentimita 3 za udongo mwekundu chini na sentimita 4 za mchanga juu. Lakini kwako, mwanangu, sikushauri. Anubia yako iko kwenye gogo, mizizi yake haigusi chini, na ukilifukia lile shina nene linalolala litaoza. Rotala inakula zaidi majini. Atakayefaidi ni valisneria, na umesema haina shida. Ubomoe tangi zima umsaidie mzima?

Fundi_Vioo
Naongezea kuhusu chuma, maana hapo ndipo wengi wenye maji ya kisima hupoteza hela. Chuma tupu katika maji yenye pH 8 huganda na mmea haukipati, kwa hiyo huuzwa kikiwa kimefungwa kwa kemikali inayokishikilia. Kilichofungwa kwa EDTA huanza kuachia pH ikipita 6.5. Cha DTPA huvumilia hadi kama 7.5. Kwako tafuta cha EDDHA, weka kidogo sana, na usishtuke maji yakiwa na wekundu kidogo. Punguza pia taa, iwake kwa muda wa saa saba tu kwa siku. Mwanga mwingi huuharakisha mmea kula kuliko unavyolishwa.

Majani_ya_Mbezi
Wiki tano zimepita, narudisha majibu. Nilichukua potasiamu naitreti gramu 2 kila wiki baada ya kubadilisha maji, na chuma cha EDDHA. Vilele vya rotala vilianza kurudisha rangi siku ya kumi hivi. Majani ya anubia yaliyotoboka hayajaziba, nimeyakata mabaya matatu. Jani jipya limefunguka juzi. Nimelimulika kwa tochi upande wa nyuma, sijaona kitundu hata kimoja.