Naomba ushauri: redio mbili za CB za marehemu mzee, nizitengeneze tu au nizirudishe upya kabisa?

TrelaColumbus:
Wakuu, heshima kwenu. Huu ni mwaka wangu wa saba kwenye malori hapa Marekani. Makao yangu ni Columbus, Ohio, na muda mwingi niko barabara kuu za I-70 au I-80. Mzee wa Kimarekani aliyenifundisha kurudisha trela kinyumenyume alifariki kabla ya Krismasi. Wiki iliyopita mjane wake kaniita, kanikabidhi boksi. Ndani kuna redio mbili za CB, zile za madereva kuongea wakiwa barabarani. Kasema mzee aliacha neno kwamba ni zangu.

Moja ni Cobra 29 ya zamani, ile ya chaneli 23. Inawaka na inapokea, ila chaneli 13, 14, 15 na 16 ni bubu, na kitasa cha chaneli kinakwaruza. Juu ya bati kuna kipande cha plasta ambacho mzee aliandika kwa mkono jina lake la barabarani. Nyingine ni Cobra 148 GTL, chaneli 40, AM na SSB (njia mbili tofauti za kurusha sauti). Hiyo inanguruma hata sauti ikiwa chini, nikiongea naambiwa nimekoroga maneno, na kwenye SSB sauti ya mtu inahama taratibu mpaka anasikika kama bata.

Fundi mmoja kwenye kituo cha malori anataka dola 240 kwa zote mbili: kapasita (vidude vya kutunza umeme) zote mpya, rangi mpya, vitasa vipya, na kuziongezea nguvu. Sibishani na bei. Ninachoogopa ni kuharibu kitu ambacho sitakipata tena. Nifanye kipi, na niishie wapi?

Mvita_Dallas:
Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Mimi ningeziweka kabatini ziwe ukumbusho. Madereva wengi siku hizi wako kwenye simu, chaneli 19, ile ya madereva, kuna siku unapita jimbo zima husikii mtu. Dola 240 mpe mama yule anunulie dawa.

DadaKigoma:
Kaka Mvita, umewahi kukwama Wyoming theluji ikifunga I-80? Simu haina mtandao, ramani inaonyesha barabara nyeupe tu. Chaneli 19 ndiyo iliyonijulisha kuna malori yamegongana maili mbili mbele. Redio ifanye kazi.

Ila TrelaColumbus, nakuomba jambo moja. Ile plasta isiguswe. Akipaka rangi bati, mwandiko wa mzee umekwenda. Baba yangu aliacha redio ya mbao, tukaipeleka kupigwa vanishi ing'ae. Ikang'aa kweli, lakini alama za vidole vyake pembeni ya kitasa zikafutika, na mama hakuitazama tena kama zamani.

FundiMawimbi:
Mkuu, pole kwa kuondokewa na mwalimu. Nilianza ufundi wa redio Kariakoo, sasa niko Minneapolis, na hizi za CB zimepita mkononi mwangu nyingi. Nisikilize kabla hujatoa senti.

Huyo wa kuongeza nguvu muage kwa heshima. Kisheria hapa ni wati 4 kwa AM na 12 kwa SSB. Wanachofanya ni kukata kizuizi cha modulesheni (kinachozuia sauti isizidi kiasi) na kuzungusha skrubu za koili (nyaya zilizosokotwa zinazopanga masafa) mpaka sindano ya mita ipande. Sindano inapanda, sauti inaharibika, na unawakwaruzia wenzako chaneli za jirani. Dalili za hiyo 148 zinanifanya niamini kuna mtu alishaifanyia hivyo zamani.

Sasa ile ya chaneli 23. Mwaka 1977 ndipo chaneli 40 ziliporuhusiwa, kwa hiyo yako ni ya kabla ya hapo. Nyingi za kizazi hicho zinapata masafa kwa kuchanganya kristali (vipande ambavyo kila kimoja kinatoa masafa yake). Kuna kundi la kristali sita, na kila moja inabeba chaneli nne zinazofuatana: 1 hadi 4, 5 hadi 8, 9 hadi 12, 13 hadi 16, na kuendelea, ya mwisho ikibeba tatu. Umeona? Zako zilizokufa ni 13 hadi 16. Zote nne ni za kristali moja. Ingekuwa kila baada ya chaneli tatu moja inakufa, ningetazama kundi lingine la kristali. Hapo ugonjwa umejitaja wenyewe.

Usikimbilie kununua. Fungua kifuniko, tafuta kristali hiyo, pasha moto upya lehemu kwenye miguu yake miwili. Miaka karibu hamsini ya kutikiswa na lori hupasua lehemu kwa ufa usioonekana kwa macho. Isipoamka, tafuta redio mbovu ya aina hiyohiyo uchomoe ya kwake. Kitasa kinachokwaruza kipulizie dawa ya kusafishia swichi za umeme, kizungushe mara ishirini, basi. Usitumie mafuta ya kulainishia kutu, yanaacha utando unaokamata vumbi.

Kapasita: badilisha zile za elektroliti zilizovimba au zilizovuja, na zile kubwa za kwenye njia ya umeme. Za seramiki ziache, hazizeeki hivyo. Anayebadilisha zote bila kupima anakuongezea makosa, kwa sababu kila anapochomoa kipande anaweza kung'oa njia ya shaba kwenye bodi.

Hiyo 148 ndiyo ya kupeleka kwa fundi, lakini mwenye vifaa: kihesabu masafa, osiloskopu (inayoonyesha mawimbi kwenye kioo) na mzigo bandia wa omu 50 (unaokaa mahali pa antena wakati wa kupima). Mngurumo mara nyingi ni kapasita za umeme. Kuhama kwa SSB na koili zilizochezewa zinahitaji kupangwa upya kwa vipimo, hazipangwi kwa sikio. Muulize vifaa gani anavyo. Akikuonyesha bisibisi tu, rudi na redio yako.

Na usibonyeze maiki hata mara moja kama antena haijaungwa. Transista ya mwisho, ile inayosukuma nguvu kwenye antena, inaweza kuungua.

BukavuExpress:
Naongeza kidogo. Kabla ya kuunga umeme, hakikisha chanya na hasi. Nyingi zina diodi (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye mlango wa umeme. Ukigeuza nyaya inajiunguza yenyewe na fyuzi inakatika, redio inaonekana imekufa kumbe ni kidude cha senti chache. Mimi nilitupa moja kwa ujinga huo.

TrelaColumbus:
Nashukuru wote. Jumamosi nilifungua Cobra 29 mezani. Kristali nikaipata, mguu mmoja ulikuwa unacheza ukiusukuma kwa kijiti. Nimeupasha moto, 13 hadi 16 zimeamka zote nne. Nilikaa pale na kikombe cha chai nikizipitia moja moja kama mtoto. Plasta iko palepale, dada. Hii ndiyo nimeifunga kwenye lori, kwa sababu mjane ameniambia ndiyo mzee aliyoitumia barabarani; ile 148 ilikaa nyumbani tu.

Nimempata fundi mwenye osiloskopu kwa ajili ya 148. Nimemwambia arekebishe na kuipanga ilivyotoka kiwandani, asipake kitu.

Swali la mwisho: SWR (kipimo cha antena inavyolingana na redio, ikikaribia 1 ndiyo nzuri) nimepima 1.4 kwenye chaneli 1, na 1.9 kwenye chaneli 23. Nibonyeze tu au niguse antena?

FundiMawimbi:
Ikipanda kuelekea chaneli za juu, antena ni ndefu. Ifupishe kidogo sana, milimita chache, upime tena ukiwa uwanja wazi, milango ya lori imefungwa, mbali na trela za watu. Ukifika 1.5 pande zote mbili acha hapo. Na kaza nati ya kishikio cha antena upate erthi nzuri, hiyo watu wengi wanaisahau.