Tunapangwa madaraja kwa karatasi tusiyoielewa, hii ni haki kweli?

Asalaam alaykum wanajukwaa.

Leo yamenifika hapa, wacha niseme. Nafanya kazi hoteli moja ya pwani ya mashariki, Unguja. Tumeambiwa nyongeza ya mshahara na kupanda daraja sasa vitafuata "mwongozo wa umahiri". Wala sipingi. Bora kipimo kilichoandikwa kuliko supavaiza kumpandisha amtakaye. Lakini huo mwongozo wenyewe jamani!

Hausikipingi, daraja la pili: "Anadhihirisha mwelekeo wa ubora katika mazingira shirikishi." Daraja la tatu: "Anadhihirisha mwelekeo wa ubora kwa kiwango endelevu katika mazingira shirikishi." Maneno matatu yameongezwa, na hayo ndiyo yanayoninyima nyongeza. Nimemuuliza supavaiza tofauti ni ipi, kanijibu "jazeni tu". Anayenipima naye hajui anachopima!

Kuna dada mmoja mtu mzima, vyumba vyake havirudishwi kwenye ukaguzi, kila mtu anajua. Kwenye fomu ya mwongozo huo, tunayojaza wenyewe, kajipa daraja la kwanza, kaogopa kudai asichokielewa. Kijana aliyeajiriwa juzi kajipa la nne kwa kuwa maneno ya vile anayaweza. Hapo imepimwa kazi au ufasaha?

Wala si kwamba haiandikiki kwa wepesi. Vijana wetu wanaosoma Kijerumani na Kitaliano kwa ajili ya wageni wanavijua vipimo vya lugha vya Baraza la Ulaya, vya mwaka 2001, madaraja 6 kuanzia A1 hadi C2. Daraja linakwambia mtu anaweza kufanya nini: A1 anaweza kujitambulisha, anaweza kumuuliza mtu anakaa wapi. Unajisoma, unajijua uko wapi.

Basi na sisi tuandikiwe hivyo, kwa Kiswahili. La pili: anasafisha chumba peke yake na hakirudishwi. La tatu: akikuta kiyoyozi kinavuja anaandika kwenye daftari la matengenezo, anafuatilia mpaka kitengenezwe kabla mgeni hajaingia, na yeye ndiye anayemfundisha mfanyakazi mpya. Hapo hata yule dada angesema "hili nafanya kila siku", na supavaiza asingekuwa na la kubisha.

Fomu zinatakiwa mwisho wa mwezi. Mimi sijasaini. Kuna aliyewahi kugoma kusaini mpaka aelezwe kila kipengele? Mwajiri alisemaje, na chama cha wafanyakazi kilimsaidia?