Land Cruiser 80, Patrol Y61 au Defender 110: ipi kwa matope ya Mau na mawe ya Baringo?

Dereva_wa_Ngata (Nakuru)
Wadau, hamjambo? Natafuta 4x4 kubwa ya mkono wa pili. Nina shamba upande wa Mau Narok, na kile kipande cha mwisho baada ya lami kikinyeshewa hata trekta hulalamika. Likizo ningependa kushuka Baringo, na Mungu akijalia siku moja bonde la Suguta. Bajeti ni milioni mbili na nusu, kununua na kurekebisha pamoja. Nimeona tatu ambazo bei zake hazijapishana sana: Land Cruiser 80 ya 1994 yenye injini ya 1HZ, Nissan Patrol Y61 ya dizeli, na Defender 110 yenye 300Tdi. Nikishanunua nataka niinue inchi nne, matairi ya inchi 35, winchi, na hiyo 1HZ niifungie tabo (ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini). Nichukue ipi?

Spana17 (Njoro)
Karibu, ndugu. Sheria yetu hairuhusu kuleta gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo hakuna 80 mpya kutoka Japani. Zote hizo zimezeekea hapa hapa, kwenye mikono ya watu. Usilinganishe modeli, linganisha magari matatu uliyoyaona kwa macho. 80 iliyoliwa na kutu kwenye chasisi haifiki popote mbele ya Patrol safi. Ingia chini na tochi na nyundo ndogo, gonga chasisi kuanzia mbele mpaka mwisho. Palipopakwa rangi nyeusi juzi, gonga mara mbili.

Kuhusu injini: 1HZ ni lita 4.2, haina tabo, pampu yake haina kompyuta, na kuanzia Molo mpaka Busia hutakosa fundi aliyewahi kuifungua. Ina mkanda wa taimingi, uliza ulibadilishwa lini, na asiyejua jibu chukulia haujabadilishwa. Patrol yenye injini ya TD42 ni karibu saizi ile ile, ila taimingi yake ni ya gia, mkanda huna haja nao. Lakini wewe umesema tu "Y61 ya dizeli". Fungua boneti kwanza. Kama ni ZD30 ya lita tatu, zile za mwanzo zilijulikana dunia nzima kwa kuyeyusha pistoni. Tofauti ya hizo injini mbili ni kubwa kuliko tofauti ya Toyota na Nissan.

Tabo kwenye 1HZ sahau. Ile injini huanza kuchoma mafuta ndani ya kijichumba kidogo kwenye silinda hedi kabla moto haujafika kwa pistoni. Ukiongeza hewa na dizeli, joto linajaa pale pale na hedi inapasuka. Ukitaka 80 yenye tabo, tafuta iliyozaliwa nayo: 1HD-T, au 1HD-FT ya kuanzia 1995. Kwa 1HD-T, uliza kama beringi za konrodi zimebadilishwa, ndio ugonjwa wake.

Landi_Kitale (Trans Nzoia)
Naona Defender imepitiwa haraka kama kawaida ya watu wa Toyota 😄. 300Tdi ni lita 2.5 tu, farasi 111, lakini ina tabo ya kiwandani. Hiyo ni hoja kubwa kwa sisi tunaoishi juu. Timboroa ni zaidi ya mita 2,700. Huko injini isiyo na tabo imepoteza takriban robo ya nguvu zake, kwa sababu hewa ni nyepesi. Tabo inafidia sehemu kubwa ya hiyo. Ukipanda Mau Summit na 1HZ iliyopakia viazi utajua ninachosema.

Bodi ni alumini, haili kutu kwa urahisi. Chasisi na ile fremu ya chini ya kioo cha mbele ni chuma, na hapo ndipo muuzaji hataki uangalie. Na ndiyo, mvua itaingia ndani. Sitabishana.

Spana17 (Njoro)
Hoja ya tabo nakubali, mzee. Ila mwambie pia kuhusu mkanda wa 300Tdi, na kiti ambacho mkono wa kulia hauna pa kukaa.

MwanaNyando (Ahero)
Niongeze upande wa matope, maana huku Kano hatuendi kuyatafuta, yanatufuata nyumbani. Dereva, udongo wako wa Mau na wetu mweusi si kitu kimoja. Kule juu mara nyingi kuna ugumu chini ya ute, na tairi jembamba refu kama 7.50R16 linakata mpaka linapata pa kushika. Udongo mweusi hauna chini. Unajaza mifereji ya tairi, unajaza tao la gurudumu, na gari linateleza tu kama sleji. Hapo uzito ndio adui: 80 ni zaidi ya tani mbili kabla hujapanda wewe na mabati yako. Defender 110 ni nyepesi kiasi cha kuhisi. Lakini kusema kweli, mvua ikinyesha Kano jioni, gari bora ni lile linalosubiri mpaka saa sita mchana kesho yake.

Dada_wa_Marigat (Baringo)
Mnazungumza matope tu, na ndugu ametaja Baringo. Kutoka Marigat kwenda Nginyang na Kapedo, shida ni joto, mawe na vumbi. Kabla ya winchi fungua rejeta isafishwe. Snokeli, lile bomba refu la hewa ya injini, watu huifikiria kwa mito, lakini huku kazi yake ni kuvuta hewa ya juu ambako vumbi ni kidogo. Kwenye mchanga punguza upepo mpaka psi 18 au 20, na ubebe pampu ya kurudishia. Suguta usiende peke yako, wala usiende bila kuuliza wenyeji hali ya usalama wiki hiyo.

Dereva_wa_Ngata (Nakuru)
Asanteni sana. Nimeangalia Patrol: ni ZD30, nimeiacha. Zimebaki mbili. Lakini mbona inchi nne hakuna aliyeiunga mkono?

Spana17 (Njoro)
Kwa sababu hizi gari zina ekseli nzima mbele, na ukiiinua sana, ekseli inazunguka kidogo, na kasta, yaani ule mlalo unaorudisha usukani katikati, inapungua. Usukani unakuwa mwepesi, haurejei katikati, na kwenye lami ya Nakuru–Eldoret gari linaanza kutanga. Lazima ubadilishe bushi za kurekebisha kasta, urefushe mabomba ya breki, na uangalie pembe ya shafti. Inchi mbili hazikupi hayo matatizo.

Matairi nayo: 80 nyingi zilikuja na 275/70R16, kama inchi 31. Ukiweka 35, spidomita ikisoma 100 unaenda 112, na 1HZ yako isiyo na tabo inavuta gia ndefu mlimani. Utalazimika kubadilisha gia za difu mbele na nyuma, na hapo bajeti imeisha. Weka 285/75R16, zinafika karibu inchi 33, zinaingia bila kukata kitu. Pesa iliyobaki itie kwenye bushi, breki, shoku, na ndoano imara za kuvutia zilizofungwa kwenye chasisi. Si kwenye bampa.

Winchi ije mwaka ujao. Ikija, chukua ya uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limepakiwa. Kwa 80 ni kuanzia pauni 9,500, na 12,000 kama unabeba mzigo.

Landi_Kitale (Trans Nzoia)
Nakubaliana na fundi, nimeumia kusema hivyo. Kama familia itasafiri ndani, chukua 80. Defender ni ya mtu anayefurahia kufunga nati Jumamosi.

MwanaNyando (Ahero)
Kabla ya kulipa hata shilingi, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Namba ya injini kwenye logibuku ilingane na iliyo kwenye injini. 80 nyingi zimewahi kubadilishwa moyo, na ukinunua ya namna hiyo, kazi ya kusahihisha karatasi ni yako.

Dereva_wa_Ngata (Nakuru)
Nimerudi kwa ile 80. Chasisi safi, namba zinalingana. Ila gurudumu la mbele kushoto, ile tufe nyuma yake imelowa, kuna mchanganyiko wa grisi na oili. Muuzaji anasema ni kawaida. Pia kila nikifika injini iko moto tayari.

Spana17 (Njoro)
Kulowa ni sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili ya difu inaosha grisi ya jointi ya Birfield, ile inayozungusha gurudumu la mbele hata likiwa limekata kona. Si mwisho wa dunia, ni sili, beringi na siku nzima ya kazi chafu. Punguza bei kwa pande zote mbili, kwa sababu upande wa kulia unafuata. Ukizungusha usukani hadi mwisho na kuendesha polepole, sikiliza kama kuna mlio wa kugongagonga. Ukiusikia, jointi yenyewe imekwisha.

Hilo la injini moto ndilo linanitia shaka, maana joto huficha shida za kuwasha ikiwa baridi. Mwambie unakuja saa kumi na mbili asubuhi, na uguse boneti kabla hajaiwasha. Moshi mweupe unaodumu au povu kwenye maji ya rejeta, rudi nyumbani. Nitakuwa mjini Alhamisi, nitumie ujumbe nikupitie.